Nilikaa nje ya steshenari Mpanda kuuza riwaya yangu, watu wakaniajiri kuandika barua

Wakuu, heshima kwenu wote. Humu nimekuwa msomaji wa kimya muda mrefu, leo na mimi naomba kiti. Haya yamenipata mwenyewe, hapa hapa Mpanda, na anayepajua ataona kwamba sijawapikia chai.

Kwanza mnijue kidogo.

Shule niliachia kidato cha pili. Toka hapo ni kuzurura tu. Nimekuwa utingo wa lori, nimekausha tumbaku, nimeshuka kwenye mashimo ya dhahabu. Kila nilikofika niliuliza maswali mpaka watu wakahisi nimetumwa. Majibu yakajaa kichwani, mwisho yakawa riwaya. Nikauza pikipiki yangu ya bodaboda, nikaichapisha.

Ndiyo, niliuza pikipiki. Wanaotaka kunitukana watulie, mzee wangu alishawawahi.

Mzee analima mpunga kule Mpimbwe, na kigangoni kwetu ndiye msomaji wa masomo Jumapili tangu sijazaliwa. Nilipoenda kuwasalimia wakati wa mavuno nilimpelekea kitabu. Hakukigusa. Alisema hivi, mbele ya ndugu wote:

"Mvua zikianza uwe umerudi. Lile shamba la bondeni ni lako ukililima. Usipolima nampa Deo."

Deo ni mdogo wangu. Na shamba la bondeni ndilo linaloshika maji hata mwaka mbaya. Kwetu kijana mwenye shamba lile ameshakuwa mtu.

Sasa twende kwenye siku yenyewe.

Asubuhi moja nimeamka kwenye chumba changu Makanyagio, nikafungua mlango, nikaona mawingu. Kwa wengine ni mawingu. Kwangu ilikuwa sauti ya mzee.

Nikajaza nakala kwenye begi, nikatoka. Sikuwa na plan yoyote. Nilijua tu kwamba sitaki kushinda ndani nikiangalia anga.

Nikatembea mpaka mjini, nikatokea kwenye steshenari ya mama mmoja tunamuita Mama Jully. Mtandaoni nilishaona waandishi wa miji mikubwa wanakaa kwenye duka la vitabu, meza mbele, wanawasainia wasomaji. Huku duka la vitabu ndiyo hilo hilo lenye madaftari na mashine ya fotokopi.

"Mama Jully, naomba nikae hapo nje niuze kitabu changu."

"Kaa. Ila usinizibie mlango."

Akanipa meza na stuli. Nikapanga vitabu, nikanyoosha kola, nikatoa kalamu nikaiweka mbele yangu.

Wakuu, kilichoniponza ni ile kalamu.

Huku kwetu ukikaa nje ya steshenari una meza na kalamu, wewe ni mwandika barua. Hakuna mjadala. Akaja mzee mmoja mfugaji, fimbo mkononi, akavuta stuli akakaa.

"Andika. Kwa mtendaji. Ng'ombe wangu wameingia kwenye mahindi ya mtu. Nimekubali kosa. Ila usiandike kwamba waliingia wote."

"Mzee, mimi nauza riwaya."

"Sawa, uza. Ukimaliza niandikie."

Nikaandika. Ningefanyaje? Halafu na huu udadisi wangu, nikaanza kumhoji. Waliingia saa ngapi, wa kwanza kuingia ni yupi, kwa nini mchungaji alilala. Yule mzee akasimulia mpaka akasahau kwamba ana haraka.

Mchana kulikuwa na foleni. Akaja bibi mmoja ambaye kijana wake yuko machimboni na hapigi simu. "Mwandikie kwamba sijafa," akasema. "Ukimaliza, andika tena kwamba sijafa."

Nikarudi kesho yake, na keshokutwa. Barua nyingi, vitabu vinavyotoka vya kuhesabika. Mama Jully akatoka ndani akaniangalia.

"Wewe una mkono. Nakuweka hapa moja kwa moja, mshahara mwisho wa mwezi. Hivyo vitabu vyako shusha chini ya meza, vinakula nafasi."

Nikavishusha. Nikamwambia anipe mpaka kesho nifikirie.

Niseme ukweli, usiku ule nilikuwa nimeshakubali. Mzee angefurahi, na mimi ningekula. Riwaya ya pili ilikuwa imekwama, maana inatokea ziwani na mimi ziwa nilikuwa nimeliona nikiwa juu ya lori tu. Nikajiambia itasubiri.

Kesho yake mzee wangu akatokea. Hakupiga simu. Niliinua kichwa nikamwona amesimama mwisho wa foleni, kofia mkononi, ananiangalia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kumbe umepata ukarani hukusema?"

Mama Jully akadakia kutoka ndani, "Mzee, umezaa karani!"

Mzee akacheka. Wakuu, yule mzee huwa hachekicheki. Akamgeukia yule bibi wa machimboni, ambaye alikuwa amerudi kuongeza maneno kwenye barua yake, akamwambia, "Huyu ndiye mwanangu wa kwanza."

Ningenyamaza tu, yote yangekwisha. Mzee ana furaha, kazi ninayo, shamba labda angeniwekea. Kinywa kikakataa.

"Baba, mimi siyo karani. Hawa nawasaidia. Kazi yangu ni hii."

Nikainama, nikatoa kitabu chini ya meza, nikamnyooshea.

Kicheko kikakatika. Akatoa miwani mfuko wa shati, akakipokea.

Sasa mzee wangu hajui kusoma kimya. Miaka yote amesomea watu. Akasimama wima, akashika kitabu kwa mikono miwili, akaanza na sauti yake ile ile ya Jumapili. Ni ukurasa ambapo mwanamke anaitwa Tabu anatoka kwa mumewe alfajiri, mtoto mgongoni na sufuria moja kichwani.

Foleni ikasogea kusikiliza. Bodaboda mmoja akazima pikipiki.

Alipofika mwisho wa ukurasa akatulia, akainamisha kichwa kidogo kama anavyofanya akimaliza somo. Na yule bibi, kwa mazoea ya kanisani, akaitikia kwa sauti:

"Tumshukuru Mungu!"

Watu wakavunjika mbavu. Mama Jully alishika mlango asianguke.

"Nyie mnacheka nini?" bibi akawaka. "Kasoma vizuri!"

Mzee hakucheka. Alikuwa ameshafungua ukurasa wa pili, anaunyatia kwa macho.

"Huyu Tabu anaenda wapi?"

"Soma baba."

"Nakuuliza wewe uliyeandika."

"Siwezi kukwambia."

"Una kiburi wewe mtoto." Akafunga kitabu. "Mvua ndiyo hizi. Unarudi, hurudi?"

"Sirudi baba."

"Basi shamba nampa Deo. Usije kulia."

"Sitalia."

Akavaa kofia, akaondoka. Kitabu kiko kwapani.

(Jioni nililia kidogo. Mods msifute hii sentensi.)

Mama Jully nilipomwambia kazi yake pia siiwezi, akanitazama kama mgonjwa. "Umekataa shamba na mshahara siku moja? Haya, nenda. Ila kalamu yako uliyoacha hapa siirudishi."

Asubuhi iliyofuata nikapata lori linalofuata dagaa Ikola, kule ziwani. Dereva tunajuana tangu enzi za utingo.

"Unaenda kwa nani?"

"Sijui."

"Panda mbele basi."

Tulifika Ikola mvua inanukia. Pale ufukweni akina mama walikuwa mbio, dagaa wote wako nje wameanikwa na tone la kwanza limeshadondoka. Nikatupa begi, nikaingia kukusanya.

"Miguu! Miguu wewe mgeni, unawakanyaga!" mama mmoja akanifokea. Tukawavuta chini ya turubai, tukajibana humo humo, mvua ikamwagika.

"Unalala wapi?" akaniuliza.

"Bado sijajua."

"Nina vyumba hapo juu. Kazi yako nini?"

"Mwandishi."

"Wa habari?"

"Wa hadithi."

Akafikiri. "Kwa hiyo barua unaweza. Nina shauri la kiwanja, kesho asubuhi uniandikie."

"Nitakuandikia mama. Ila mchana. Asubuhi nina kazi."

Kazi nilimaanisha riwaya, na maneno hayo sikuwahi kumwambia mtu. Yeye wala hakushangaa. Akanipa ufunguo.

Chumba kina kitanda, meza inayoyumba, na dirisha linaloliona ziwa lote. Wiki ya pili nilikuwa naweka karatasi nyingine chini ya mguu wa meza simu ikalia. Ujumbe wa Deo: "Mzee anasoma kwa sauti kila jioni, watu wanajaa. Anauliza Tabu alirudi kwa mumewe?"

Nikamjibu: "Mwambie asome mpaka mwisho."

Nilichojifunza, wakuu: usikubali kusifiwa kwa kazi ambayo siyo yako. Utaizoea ile sifa, halafu yako itabaki chini ya meza. Imenigharimu shamba, na bado nasema hivyo.

Nyie ambao nyumbani hawaielewi kazi yenu, mliwaambiaje? Shusheni hapo chini. Intaneti huku inashika nikisimama kibarazani, kwa hiyo nitawajibu. Ila mchana.