Uduvi Ndani ya Sombe

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini biashara ya samaki wakavu hapa Ujiji nimeisimamisha kwa mikono yangu, na nyumba yangu ndiyo ya kwanza mtaani kuezekwa bati. Kwa hiyo nikisema uduvi ni chakula, nisikilizwe.

Miaka ile wakimbizi wanavuka ziwa, mama mmoja kutoka Kongo alipanga chumba uani kwangu. Mwanawe, aliyeachishwa kunyonya karibuni, alivimba miguu, nywele zikageuka nyekundu. Hakulia. Ukimwekea chakula anageuza uso. Zahanati walimwambia mama yake kuwa ugali wa muhogo peke yake hautamwokoa, ampe vya kujenga mwili, ampe samaki. Lakini ilikuwa mbalamwezi. Dagaa hufuata taa za wavuvi, na mwezi ukijaa taa hazina kazi, mitumbwi inalala. Soko lote la samaki pale Katonga lilikuwa tupu.

Mimi nilikuwa na gunia la uduvi mkavu, nimelileta kwa treni kutoka pwani. Mtaa mzima ulinicheka, eti nimesafirisha panzi. Nikampelekea bakuli.

"Papa, hivi ni vidudu," akasema. Kwao papa ni baba.

"Ni kamba wadogo, mama. Chakula safi."

"Vina macho."

"Na dagaa hana?"

Akapokea. Kesho yake nikapita jikoni kwake. Amechemsha, amechuja, mtoto anapewa maji, uduvi wenyewe umewekwa kando. Ndivyo tulivyolelewa wengi kandokando ya ziwa hili: mnofu wa wakubwa, mchuzi wa mtoto.

"Umempa harufu," nikamwambia. "Nguvu umeiacha kwenye chujio."

"Atatafuna na nini, papa? Atakwama."

"Kinu si unacho?"

Uduvi unaliwa mzima, na hapo ndipo unapowashinda samaki wengi wakubwa. Mnofu wake unajenga mwili, na lile ganda laini lina chokaa ya mifupa. Tukauosha kuondoa mchanga na chumvi, akautwanga ukawa unga, akauchanganya ndani ya sombe, majani ya muhogo wanayoyapika kwa mawese. Wapo watu wanaowashwa na kuvimba midomo wakila uduvi, kwa hiyo nikaamuru aanze na ncha ya kijiko. Kwanza nikala mimi, bakuli zima, yeye akinitazama kama anayesubiri nianguke.

Mtoto akatema. Kesho yake akatema tena, kisha akameza kidogo. Zahanati tuliendelea kumpeleka, mimi si mjinga. Miguu ikaanza kunywea, lakini bado alikuwa kimya, na ukimya ule ndio uliomtisha mama yake kuliko uvimbe.

Asubuhi moja nilisimama mlangoni kwao nikimweleza mama yule jinsi nitakavyoleta gunia la pili. Ananisikiliza, kijiko kimesimama hewani. Mtoto akapiga kelele ya hasira, akauvuta mkono wa mama yake mpaka kijiko kikafika mdomoni.

Mama akajifuta macho kwa kitenge.

"Papa, nenda kazini," akasema. "Unatuchelewesha."