Glavu za Kuchumia Thabai

Aliyenitia sumu namjua. Alikuwa nyapara wa shamba la kahawa huko Mukurweini, enzi hizo nikiwa na nguvu nyingi na akili kidogo. Naambiwa nimsamehe, sasa ni mzee wa kanisa. Nimemsamehe, lakini nasema.

Kila mpiga dawa alipaswa kupewa glavu. Sisi hatukuziona. "Mkono ya mwanaume ndiyo glavu," nyapara alituambia, nasi kwa ujinga wetu tukajivuna, tukakoroga dawa ya wadudu kwa mkono hadi kwenye kiwiko. Aliyetumia kijiti tulimwita bibi harusi.

Mchana mmoja mate yakaanza kunitoka kama mtoto anayeota meno. Macho yakaingia ukungu, miguu ikagoma. Wenzangu wakanibeba kwa gunia hadi dispensari, nyapara akitangulia na mdomo wake.

"Sista, huyu amelewa muratina tu," akamwambia nesi. "Aende nyumbani alale."

Nesi akanusa shati langu lililolowa dawa. "Glavu alivaa?"

"Alivaa! Mimi mwenyewe nilimpatia."

Nikajua nikirudishwa nyumbani nitalala moja kwa moja. Kusema siwezi, ulimi umekuwa gogo. Nikageuza shingo, na pale mlangoni nikamwona mke wa nyapara akiwauzia watu thabai, yale majani yanayowasha tunayoponda na viazi. Sokoni alisifiwa sana: ati mama huyu thabai hazimwashi! Mikononi alikuwa na glavu mpya, nyekundu, ndefu hadi kwenye viwiko.

Nikanyoosha kidole.

Nesi akatazama. "Mama, hizo umetoa wapi?"

"Ni za kazi ya baba watoto, sista. Ati ziko nyingi huko, wanaume wanazikataa."

Nyapara akaanza kuhesabu mabati ya paa.

"Mvueni huyu nguo, aoshwe na sabuni, haraka!" nesi akapiga kelele, sindano tayari mkononi. "Na wewe mzee, utamwosha. Ngoja kwanza. Vaa glavu."

Mkewe akazivua zake zikageuka ndani nje, naye akazivaa hivyohivyo. Kumbe miiba midogo ya thabai iliyonasa nje sasa ilikuwa imejaa ndani.

Mkono wangu wa kulia hutetemeka mpaka leo nikishika kikombe, na hilo ni deni lake. Lakini nikikumbuka alivyonisugua mgongo huku akirukaruka, "Ui! Ui!", na nesi akimwambia asugue vizuri, nacheka mpaka chai inayobaki nayo inamwagika.