Mwalimu wa Hasira Alifika Saa Saba

Leo nimefundishwa kutuliza hasira na mtu aliyenikasirisha.

Kikundi chetu cha akina mama hapa Karurumo kiliitiwa semina saa tatu asubuhi. Mwalimu akafika saa saba. Hata pole hakusema!

Akaanza, "Subira ni dawa."

Nikajikaza.

Si akaniuliza mimi, "Mama, wewe ukikasirika hufanya nini?"

"Hushika jembe na kupalilia maharagwe mpaka roho itulie. Leo sijapalilia. Nilikuwa nakungoja wewe."

Wamama wakapiga makofi.

Yeye akawaambia, "Mnaona? Hiyo sasa ndiyo hasira."

Wueh! Nyinyi mngenyamaza?

Saa hii niko shambani. Kila gugu naling'oa nikiliita jina la yule mwalimu.

Nimemaliza laini sita za maharagwe na bado sijatulia.