Siri ya Magunia Mawili

Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ya kawaida ni kutoka kwenye kochi hadi kibarazani, hapa mjini Kitendaguro, na nikifika kibarazani hupumzika kwanza. Mdomo wangu ndio haujawahi kutulia nyumbani. Sekondari nilikuwa msemaji wa pili wa timu ya mdahalo, cheo ambacho mke wangu husema ndicho pekee nilichowahi kupata, na siku hizi nakitumia kwenye kundi la familia katika simu, ambako hakuna mtunza muda wa kunigongea kengele.

Mpinzani wangu ni dada yangu mkubwa. Alibaki kijijini Izimbya na Mama, kwenye kibanja chetu cha migomba na kahawa, na mwaka huo alikuwa anagombea uenyekiti wa chama cha msingi, ambacho wakulima wa kijiji wanatakiwa kupitishia kahawa yao ili iende mnadani. Alikuwa ameitaka nafasi hiyo kwa miaka mingi. Wanaume watatu walishapokezana kile kiti, na kila mmoja alimwambia asubiri.

Mada yetu haikubadilika: je, serikali ina haki ya kumwambia mkulima auze wapi? Mimi, ambaye shamba langu lote ni mgomba mmoja nyuma ya jiko, nilitetea soko huria.

"Mtu amelima mwenyewe, amevuna mwenyewe. Aachwe auze anapotaka," niliandika.

"Wewe umelima nini?" dada akajibu. "Huyo mnunuzi wa pikipiki anakuja na mizani yake mwenyewe. Nani anaikagua?"

"Mkulima ana macho."

"Mkulima ana shida. Ndiyo maana sheria ipo."

"Unaongea kama bango la serikali. Sema kweli, hujawahi kuuza pembeni?"

Nikaona anaandika, anaacha, anaandika tena. Mwisho likaja jibu: "Mambo hayo hayawekwi kwenye simu."

Hapo nikavaa koti la utaalamu. Nikamweleza kwamba ujumbe ukitoka kwenye simu yake unasimbwa, unakuwa vurugu isiyosomeka, na haufunguki mpaka ufike kwenye simu ya anayepokea. Kampuni haisomi. Serikali haisomi, hata ikitaka.

"Basi na walanguzi wanapangia mambo yao humohumo," akasema.

"Hiyo ndiyo gharama ya faragha, dada. Andika tu. Tumo watatu humu: wewe, mimi na Mama."

Akaandika. Mwaka juzi, Jumapili, watu wote wakiwa kwenye misa, alimuuzia mtu wa pikipiki magunia mawili ya kahawa ya maganda. Mnada ulikuwa umechelewa na yeye alichoka kungoja. Nilicheka peke yangu kwenye kochi mpaka mke wangu akaja kuniangalia.

Nilichosahau mimi mtaalamu ni jinsi Mama anavyosoma. Macho yake yameingia ukungu. Kwetu mgeni akifika huletewa kwanza akamwani, kahawa kavu ya kutafuna. Kwa Mama, ukishachukua punje zako unakabidhiwa na simu, umsomee. Kila aliyewahi kupita kumsalimia anajua habari zote za tumbo langu. Siku hiyo aliyepita ni katekista, ambaye sauti yake hufika benchi la mwisho kanisani bila kipaza sauti. Uani walikuwa wamejaa kina mama wakimenya ndizi za harusi ya jirani. Katekista akatafuna, akasafisha koo, akasoma mdahalo wote kwa sauti ileile ya kusomea waraka. Nasikia alipofika kwenye "Serikali haisomi", visu vilisimama.

Kesho yake dada akanipigia. Hakusalimia.

"Mtaalamu."

"Naam, dada."

"Kijiji kizima kinaniita Magunia Mawili. Uchaguzi ni Jumamosi. Utakuja."

"Mgongo wangu, unajua tena…"

"Uje nao."

Jumamosi mke wangu akaita majirani waje washuhudie nikifunga kamba za viatu.

Mkutano ulikuwa ndani ya ghala la chama. Kabla ya kura akasimama mzee mmoja. "Waitu, ndugu yetu mgombea, unatuhimiza tupeleke kahawa mnadani. Na yale magunia?"

Ghala zima likacheka. Nikajikunja nyuma ya rundo la magunia matupu. Katekista alikuwa anachunguza viatu vyake. Ningekuwa mimi ningekana, ningedai ushahidi, ningeomba mkutano uahirishwe.

"Niliuza," dada akasema. "Akapima kwa mizani yake, ikatoka pungufu ya nilivyopima nyumbani. Nikanyamaza. Ningemshtaki wapi, na mimi mwenyewe nilikuwa najificha? Nani mwingine humu aliuza pembeni, akapunjwa, akameza?"

Hakunyoosha mkono mtu. Mmoja akaguna. Wawili wakatazamana. Kisha yule mzee akasema, taratibu, "Mimi lilikuwa gunia moja tu."

Hapo ndipo watu walipocheka hasa.

"Nilijificha kwa sababu mnada ulichelewa," dada akaendelea. "Mkinipa kiti, nitawasumbua wakubwa mpaka tarehe ya mnada ijulikane kabla hatujaanza kuvuna. Wakichelewa, mniulize mimi."

Nikasahau mgongo, nikasimama. "Na wakichelewa, mkulima awe huru kuuza kwingine?"

"Wewe ni mwanachama?" msimamizi wa uchaguzi akauliza.

"Hapana."

"Una kahawa?"

"Nina mgomba."

"Basi kaa, bwana."

Kura zilipigwa kwa karatasi. Dada alishinda, tena kwa chupuchupu, na kina mama wakapiga vigelegele kana kwamba amewashinda wote watatu waliomtangulia. Yeye mwenyewe alikaa kwanza kwenye benchi, mikono juu ya magoti. Nikamsogelea.

"Hongera, mwenyekiti. Lakini swali langu hujajibu."

Akafuta macho, akaomba chaki. Juu ya mlango wa ghala akaandika kwa herufi kubwa TAREHE YA MNADA, akaacha nafasi chini yake.

"Hapo pakibaki wazi mpaka mavuno, utakuwa umenishinda," akasema. "Sasa beba mabenchi."

Nikabeba moja. Lilikuwa lile fupi.