Makopo Kumi na Moja ya Tumbaku

Baba aling'oa tumbaku ya mama yake wakati mama yake amelazwa hospitali kwa ajili ya nyonga. Nyanya aliporudi nyumbani, akijikongoja kwa fimbo, alikuta nyuma ya nyumba yake kumepandwa sukumawiki kwa mistari iliyonyooka kabisa. Mwaka huo baba alikuwa amefanywa mzee wa kanisa, kanisa letu la Jumamosi lisilotaka kusikia habari za tumbaku, kahawa wala nyama ya nguruwe, na hakuona angesimamaje mbele ya watu huku nyuma kunanuka ugoro.

"Katika shamba langu," alimwambia, "tumbaku haitaota tena."

Nyanya yangu, ambaye kwa desturi ya Waluo tulimwita Dani, hakubishana. Aliila ile sukumawiki mwaka mzima na akaisifu.

Kisha chuo kikuu kikafungwa, kama vilivyokuwa vikifungwa vyuo miaka hiyo ya tisini, nasi tukaambiwa tuwe tumeondoka kabla ya saa kumi. Nilifika nyumbani, nje kidogo ya mji wa Migori, na begi la vitabu, nusu ya shahada ya kilimo, na tabia ya kuvuta sigara nane kwa siku. Nyumbani tulikuwa watatu tu. Mama alikuwa akifundisha Homa Bay na kuja mwisho wa mwezi. Wadogo zangu walikuwa shule za bweni.

Siku ya pili Dani aliniita, akafungua fundo kwenye pembe ya leso yake. Ndani kulikuwa na unga mweusi, kama tope lililokauka kwenye kucha.

"Mbegu," alisema. "Alinipa mama yangu nilipokuja kuolewa huku."

Dani alizaliwa Ukuria, upande wa Kegonga, na alizungumza Kiluo chenye Kikuria ndani yake hadi uzeeni. Mbegu ile haikuwa ya tumbaku ya kampuni ya sigara, iliyolimwa na kila jirani kuanzia kwetu hadi mpakani. Ilikuwa ya jani fupi, nene, jeusi, la ugoro tu. Alikuwa ametuma watu kwao waitafute, wakarudi mikono mitupu: huko nako kila mtu alipanda ya kampuni. Kwa hiyo ile ndiyo iliyobaki, na ilishakaa ndani ya leso misimu mitatu. Isingevumilia wa nne.

"Lakini baba amesema si katika shamba lake," nilimkumbusha.

"Nimesikia. Kwani kopo ni shamba?"

Tulikusanya makopo ya mafuta ya kupikia, beseni lililopasuka, sufuria isiyo na mpini, nusu ya chini ya jerikeni. Vyombo kumi na moja kwa jumla, na sote tukaviita makopo. Hata udongo alikataa tusichote uani. Nilitumwa na karai kuuchota kando ya barabara kuu, kwa sababu, alisema, huo ni wa serikali. Tulipanga kila kitu juu ya kichanja cha kuanikia vyombo, ili hata kitako cha kopo kisiguse ardhi ya mwanawe.

Baba alirudi jioni, akasimama mbele ya kichanja, akahesabu. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake; hoja akiiona huikubali hata ikimuuma.

"Mama ni mtu mzima, sitamhukumu," alisema mwishowe. "Lakini siku nitakayojua kwamba mtoto wa nyumba hii ametia tumbaku mdomoni, haya yote yanaingia chooni siku hiyo hiyo."

Alinitazama. Mimi nilikuwa nikiutazama udongo kwa makini ya kisayansi.

Wakati wa kupanda nilitaka kuzifunika mbegu, kama mtu yeyote aliyesoma. Fimbo ikatua kwenye kifundo cha mkono wangu.

"Unazika? Nani amekufa?"

Mbegu ya tumbaku, nilifundishwa siku hiyo, ni ndogo mno kuweza kusukuma udongo. Huchanganywa na majivu, ikanyunyizwa juu kama chumvi, na maji hayamwagwi: unachovya kishada cha nyasi na kukikung'uta juu yake. Dani hakuweza kuinama, na vidole vyake vilitetemeka. Akili ilikuwa yake. Mikono ilikuwa yangu. Siku ya tisa beseni lilipata ukungu wa kijani, na yeye, ambaye macho yake hayakuwa yakiona vizuri, akaning'ang'ania nimwambie kila kimche kilipo. Ilipofika wakati wa kuhamisha miche, tuliiacha kumi na moja yenye nguvu kuliko yote, mmoja kila chombo.

Sasa niseme habari za sigara. Pakiti yangu niliichomeka kwenye nyasi za paa la ghala, juu ya nguzo ya tatu, upande wa mto. Nilivuta nyuma ya ghala asubuhi, nikatafuna majani ya mpera kuua harufu, kisha nikaenda moja kwa moja kuhudumia miche. Mdomo niliusafisha kila mara. Mikono sikuikumbuka.

Baka la kwanza lilitokea kwenye kopo la nne. Jani lilikuwa na viraka, kijani kibichi hapa, kijani kilichofifia pale, mithili ya ramani. Nilisimama na kishada cha nyasi kikidondosha maji kwenye viatu. Sikuwa na haja ya kumuuliza mtu. Mwaka wa pili chuoni nilijibu swali juu ya ugonjwa huo huo, ukurasa mzima: virusi vyake hukaa hai ndani ya sigara ya dukani, huhamia kwenye vidole vya mvutaji, na kutoka vidoleni huingia kwenye mche. Nilipata alama nzuri. Mwalimu aliandika pembeni, "Umeelewa."

Nikisema, makopo yanaingia chooni. Nikinyamaza, miche inakufa mmoja mmoja. Nilichagua njia ya wasomi: nilinyamaza nikaunda mpango. Nilinawa kwa sabuni mpaka baba akauliza kipande kizima kimekwenda wapi. Nilimwagilia kwa fimbo ndefu, kama mtu anayemlisha mamba. Na bado, aibu yangu, sikuacha kuvuta. Wasiwasi uliniongezea hamu. Wiki iliyofuata ilikuwa mitano yenye mabaka. Kisha minane.

"Mbona siku hizi hunisimulii majani, mume wangu?" aliuliza Dani. Wajukuu wa kiume wote tulikuwa waume zake, na mimi ndiye niliyekuwa nyumbani.

"Yanakua, Dani."

"Yanakuwa nini?"

Jumapili alimwita jirani, mama mmoja mwenye sauti ya sokoni aliyekuwa akikuza vitalu vya kampuni. Baba alikuwa hatua chache tu, akinoa jembe. Jirani alikunja mikono kifuani, akainama kutazama bila kugusa.

"Huyu mgonjwa namjua," alisema. "Dani, ugonjwa huu unaletwa na mkono. Sisi tukiajiri mtu wa kitaluni, kwanza tunamnusa vidole. Akinuka sigara, arudi kwao." Akageuka. "Profesa, hukusoma haya? Nani hapa anavuta sigara?"

Sauti ya tupa kwenye jembe ilikatika.

Nakumbuka kuku aliyekuwa akipita, na jinsi nilivyomwonea wivu. Baba alikuwa anakuja, jembe mkononi. Nilifungua mdomo, na sijui mpaka leo ningesema nini, kwa sababu Dani alinitangulia.

"Mimi," alisema.

"Mama?" alisema baba.

"Navuta. Ugoro wangu umeniishia, na tumbaku yake wewe ndiye uliyeing'oa. Ulitaka nifanye nini?"

"Sigara? Wewe? Ziko wapi?"

"Kwenye ghala. Juu ya nguzo ya tatu, upande wa mto. Kwenye nyasi."

Nilishika kichanja. Mwanamke asiyeona vizuri, anayetembea kwa fimbo, alikuwa anajua hata nguzo. Baba alikwenda. Tulimsikia akipapasa paa. Alirudi na pakiti yangu, ndani zimebaki nne, akamnyooshea mama yake pamoja na kiberiti. Hakunitazama hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Basi vuta," alisema. "Nikuone."

Sikuwa nimewahi kumwona Dani akigusa sigara. Aliichukua kwa vidole viwili, na vidole havikutetemeka. Aliiwasha, akavuta mara moja, kisha akaigeuza, akatia upande wa moto ndani ya mdomo na kuufunga, kama walivyovuta wanawake wa rika lake wasiotaka majivu yawadondokee watoto. Moshi ulimtoka puani. Machozi yalimtiririka, lakini hakukohoa. Jirani alisema "Uuuwi!" kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Baba alisimama pale hadi sigara ilipoisha yote, na Dani akatema majivu kando, akajipangusa.

"Sheria yako ilikuwa ya watoto wa nyumba hii," alisema. "Mimi si mtoto wa nyumba hii. Nimekuja kuolewa."

Baba hoja aliiona.

"Minane ing'olewe sasa hivi, ichomwe," alisema jirani. "Imebaki mitatu. Na mitatu hiyo isiguswe na mkono wa tumbaku. Mimi siisogelei, nimetoka kitaluni."

"Mikono yangu sasa inanuka," alisema Dani, akiinua vidole vyake. Kisha, bila kugeuza uso upande wangu: "Na huyu mume wangu hajui kumwagilia. Ameniulia minane."

Ilibaki mikono miwili tu katika boma lile. Sote tukaitazama. Baba naye akaitazama, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu.

Alianza kesho yake, kabla ya sala ya asubuhi. Alinawa kwa sabuni, akachovya kishada cha nyasi, akakung'uta. Mimi nilikatazwa kukaribia kichanja, nikawa nahesabu majani kutoka mlangoni. Siku ya kumi mche mmoja ulipata mabaka, baba akaung'oa mwenyewe. Wa pili ulivunjwa na mvua ya mawe, ile inayoteremka kutoka Kisii. Ukabaki mmoja, ndani ya beseni lililopasuka. Wazee wenzake wa kanisa walipokuja, mmoja aliuliza ule ni mmea gani.

"Ni wa mama," alisema baba. Mwingine aliposhangaa kwamba yeye ndiye anayeumwagilia, alijibu, "Namtunza mama yangu. Imeandikwa." Hapo nikatambua Dani alimzaa nani.

Ulichanua maua ya rangi ya waridi iliyofifia. Tulingoja vifuko vya mbegu vikauke, huku mawingu yakijikusanya kila alasiri na baba akilihamisha beseni chini ya paa. Siku aliyovikata, redio ilikuwa imeshatangaza kwamba chuo kinafunguliwa. Nilikuwa nafunga begi. Aliingia na bahasha ya sadaka, imevimba kidogo upande mmoja.

"Nipe mikono," alisema.

Nilimpa. Alivinusa vidole vyangu kimoja kimoja, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, taratibu, kama anayesoma maandishi madogo. Sikuwa nimevuta sigara tangu Jumapili ile.

Aliweka bahasha kwenye kiganja changu.

"Mpelekee," alisema. "Na kuna upepo. Usimwage."

Kutoka mlango wetu hadi mlango wa Dani ni hatua arobaini. Niliishika bahasha kwa mikono yote miwili, nikaziba mdomo wake kwa vidole gumba, na kuanza kuvuka ua. Yeye alikuwa ameketi mlangoni, leso yake imeshafunguliwa magotini.