Mkoba Kwenye Benchi la Kliniki

Juzi, katika kliniki moja ya mtaa wa Ntinda, niliketi karibu na mama mmoja, mke wa askari, aliyekuwa amebana mkoba kwapani. Bintiye alikuwa ndani akitibiwa uraibu wa heroini kwa mashine ya sumaku inayowekwa juu ya kichwa.

“Huu nimekuwa nikiulalia,” aliniambia. “Binti yangu angeuuza.”

Binti akatoka akijipapasa nywele. “Inagonga kama mgeni mlangoni.”

“Mfungulie,” mama akajibu, akainuka kwenda msalani.

“Mama, umesahau mkoba.”

“Sijasahau. Nishikie.”

Binti aliukumbatia kwa mikono miwili. Daktari anasema tusishangilie mapema, nami sumaku siielewi. Ila namshukuru aliyeileta, maana mama yule alikaa msalani muda mrefu kuliko haja yake.