Barua Ambazo Kamaludin Hakuzifungua

Watu wa mtaa wa Kibokoni walimjua Kamaludin Omar kuwa dereva mpole. Hakupiga honi ovyo, hakumtukana mwenye mkokoteni, na alipofika penye kina mama wanaovuka alisimama kabisa akawapungia mkono wapite. Wasilolijua ni kwamba upole ule ulikuwa hofu tupu. Alikuwa akiogopa asije akakosea jambo dogo, askari akamsimamisha na kumwuliza: wewe u mtu wa wapi?

Alikuwa mtu wa Unguja. Katika zile siku mbaya za Januari 1964 alivuka kuja Mombasa na shati moja na leseni yake ya udereva, hana cheti cha kuzaliwa wala karatasi nyingine yoyote. Mwaka uliofuata alimwoa Mwanabaraka, binti wa mshona kofia, msichana aliyesoma shule hata akawa anajua Kiingereza vizuri. Mwanabaraka aliuza bangili zake, na kwa bangili hizo na akiba ya Kamaludin wakanunua lori la injini ya petroli, limetumika mwaka mmoja tu. Karani wa wakala wa magari aliyewauzia aliuliza anwani. Kamaludin hakuwa na sanduku la posta, akatoa la Sheikhan, mwuza vitambaa wa Ndia Kuu, aliyekuwa akipokea barua za nusu ya mtaa.

Barua ya kwanza ilikuja mwezi wa tatu, mwaka wa 1967.

"Kamaludin, hii yako," Sheikhan alimwambia, akimpa bahasha ndefu ya rangi ya kahawia. "Ina muhuri mwekundu. Nikusomee?"

"La, ahsante. Nitaisoma mwenyewe."

Hakuisoma. Kiingereza hakukijua, na macho yake hayakuona ila ule muhuri. Wiki hiyo hiyo alikuwa amesikia barazani kwamba watu wasio na karatasi wameanza kuandikiwa, na kwamba mtu akiisha kuandikiwa hupewa siku chache tu aondoke. Arudi wapi yeye? Nyumba ya baba yake ilikuwa na watu wengine sasa. Alikwenda nyumbani, akapanda juu ya kitanda, akaisukuma bahasha ndani ya mkebe wa biskuti uliokaa juu ya kabati. Aliona kwamba barua isiyofunguliwa ni kama haijafika.

Hakumwambia Mwanabaraka. Alijua mkewe angeifungua.

Ya pili ilikuja mwezi wa tano, ya tatu mwezi wa saba. Kila moja ilikuwa na muhuri mwekundu, na ya tatu ilikuwa na miwili. Zote ziliingia mkebeni. Kamaludin alianza kulala vibaya. Mlango ukibishwa asubuhi, alisimama nyuma ya pazia kwanza. Akimwona mtu amevaa suruali ya kaki huko mbele, alipita njia nyingine, hata ikiwa ndefu.

Na lori nalo lilianza kuumwa. Kila asubuhi Baya, taniboi wake, yaani msaidizi wake wa garini, alifungua rejeta akakuta maji yamepungua, ilhali chini hapana hata tone. Baya alikuwa Mrabai wa miaka hamsini, mwenye mvi, na watu walicheka kusikia mzee kama yule akiitwa taniboi, mwenyewe hakujali.

"Maji haya yaenda wapi, Bwana Kamaludin?" aliuliza siku moja. "Haya si maji ya kuvuja nje. Yaingia ndani."

Walilipeleka kwa Nicanor, fundi mwenye gereji ndogo upande wa Ganjoni. Nicanor alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kidoleni, akamwonyesha Kamaludin. Oili ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa.

"Gasketi," alisema. Gasketi ni lile bamba jembamba likaalo baina ya injini na kichwa chake, lizuialo maji na oili visikutane. "Imekufa."

Akaibadilisha. Baada ya wiki saba ikafa tena. Mara ya pili Nicanor aliifunga, kisha akakaa juu ya gurudumu kuukuu akimtazama Kamaludin.

"Mimi nikikosea mara moja, nakubali. Mara mbili, hapana. Hapa kosa liko kwenye chuma chenyewe. Nenda kwa wale waliokuuzia, uwaulize. Usipakie mzigo mzito mpaka umewauliza."

"Nitakwenda."

Alikwenda mpaka mlangoni kwa wakala. Kupitia kioo aliwaona makarani wawili na meza yenye mafaili, na nyuma yao mtu mwenye sare amekuja kwa shughuli zake. Kamaludin aligeuka kana kwamba amekosea nyumba, akarudi hadi penye lori. Siku ya pili alikubali kupeleka saruji Tiwi, kwa mtu aliyekuwa akijenga nyumba ya kupangisha.

Ilikuwa Jumanne, saa tatu za asubuhi, jua limekwisha kuwa kali. Walipofika penye feri ya Likoni, upande wa mjini, kivuko kilikuwa ndiyo kwanza kinafika. Magari yalipanga mstari kwenye mteremko ule mkali ushukao majini, na lori la Kamaludin lilikuwa la kwanza. Mbele yake hapakuwa na kitu ila sakafu ya mteremko, kivuko, na bahari. Akaweka gia huru, akakanyaga breki, akangoja.

Mlango wa kivuko ukateremshwa. Watu wakaanza kupanda kwa miguu, wengi, kama ilivyo asubuhi: wanawake na vikapu vya mihogo, wanaume na baiskeli, watoto wa shule.

Injini ikakohoa. Moshi mweupe ukatoka kwa nyuma, mzito, hata dereva wa nyuma akapiga kelele. Kamaludin alitazama kipimo cha joto, akaona mshale umelala mwisho kabisa. Injini ikapiga kishindo kimoja, ikanyamaza.

Breki za lori lile zilipata nguvu zake kwa injini. Injini ikifa, hubaki nguvu ya mguu wa mtu, na mguu wa mtu si kitu mbele ya tani saba za saruji. Kamaludin alisikia kikanyagio kikiwa kigumu chini ya wayo wake, kigumu kama jiwe. Akakikanyaga kwa miguu yote miwili. Lori likaanza kuteremka.

Akavuta breki ya mkono, ikaja yote, isishike. Akajaribu kuingiza gia, ikasaga meno, ikakataa.

"Baya!" alipiga ukelele. "Breki hakuna!"

Mlango wa upande wa Baya ulikuwa wazi na yeye hayumo. Kamaludin alimwona mbele, kando ya gurudumu, anakimbia kinyumenyume na gogo la kuzuilia magurudumu mikononi, akiwapigia kelele wale watu kwa Kirabai na kwa Kiswahili watoke, watoke. Wengine walitoka. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama katikati na kikapu chake kichwani, amekauka pale pale, macho yamemtoka.

Baya akalitupa gogo chini ya gurudumu la mbele. Lori likalipanda, likasita kwa kitambo cha kupumua mara moja, na kwa kitambo hicho Kamaludin akauzungusha usukani kushoto kwa nguvu zake zote. Pua ya lori ikaingia katika ukingo wa mawe. Mifuko ikaporomoka, vumbi la saruji likafunika kila kitu.

Halafu Kamaludin akasikia mtu akilia, na akaijua sauti.

Gogo lilikuwa limefyatuka. Baya alikuwa amelala baina ya gurudumu na mawe, na mguu wake wa kulia, chini ya goti, haukuwa tena na umbo la mguu.

Kituoni kwa polisi, inspekta alimwandikisha maelezo. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani, asiye na haraka.

"Uliwahi kupewa onyo lolote juu ya gari hili?"

"La," alisema Kamaludin.

"Kwa mdomo au kwa barua?"

Alidhani wamekwisha kujua habari ya mkebe, na kwamba barua ndiyo njia yao ya kumfikia. "Sikupata barua yoyote," alisema.

Inspekta akaandika, akamwambia atie sahihi, akamwacha aende mpaka atakapoitwa. Nje ya kituo alikuwako Nicanor, ambaye polisi walimwita aitazame injini. Mikono yake ilikuwa bado na mafuta.

"Nimekufungulia kichwa," alisema. "Kimepinda. Kimetoka kiwandani hivyo. Lakini Kamaludin, nina neno la kukuuliza. Leo nimezungumza na fundi wa wakala. Asema malori yote ya namna hii yaliitwa yarudishwe, tangu mwezi wa tatu, yatiwe kichwa kipya na gasketi ya namna nyingine, bure. Wenyewe waliandikiwa barua. Mara tatu. Wewe hukupata?"

Kamaludin alishika ukuta. Nicanor alidhani ni mshtuko wa ajali, akamtafutia maji.

Nyumbani aliuteremsha mkebe mwenyewe, akauweka mbele ya Mwanabaraka, akaketi chini sakafuni. Mwanabaraka alizitazama bahasha tatu, akamtazama yeye.

"Ni nini hizi?"

"Soma."

Alisoma ya kwanza kimya, kisha kwa sauti, akiifasiri neno kwa neno. Ilimsihi mwenye gari asilipakie mzigo wala asilipeleke penye miteremko mpaka litengenezwe. Ya pili ilisema yale yale. Ya tatu ilisema kwamba injini yaweza kufa ghafla, na breki zikapotea nayo.

Mwanabaraka aliiweka chini. "Mimi nalala chumba hiki kila siku. Kwa nini hukunipa nikusomee?"

"Nalidhani ni za kunifukuza."

"Na ukadhani nikijua nitafanya nini? Nitakutoa nje?"

Kamaludin alisema, "Inspekta nimemwambia sikupata barua. Ameandika, nami nimetia sahihi. Nikizichoma hizi, hakuna ajuaye."

Mwanabaraka alizikusanya, akazikalia. "Utachoma nami nikiwa juu yake," alisema. "Baya yuko hospitali wamkata mguu, nawe waniambia habari ya moto?"

Asubuhi alikwenda kituoni na bahasha tatu mkononi. Hakuwahi kuona njia fupi vile ikawa ndefu vile. Kila hatua alijiambia arudi, na kila hatua alijua kwamba akirudi hatakuja tena. Alimwambia inspekta kila kitu: barua, mkebe, uwongo, Unguja, shati moja. Alipomaliza aliweka mikono yake juu ya meza, pamoja, akingoja pingu.

Inspekta alivua miwani.

"Hili la Unguja halimo katika kesi yangu," alisema. "Nenda ofisi ya uhamiaji ukajaze fomu kama wenzio. Hili la barua limo. Nalo litakuponza."

Lilimponza kweli. Alifikishwa mahakamani, akanyang'anywa leseni mwaka mzima, na hakimu akamwambia mbele ya watu maneno ambayo hakuyasahau maisha yake. Wakala walitia kichwa kipya katika injini, kama barua zilivyoahidi. Karatasi zake za uraia zilichukua miaka miwili, na katika miaka hiyo hakuna aliyekuja kumgongea mlango.

Lakini lililomwogopesha kuliko mahakama lilikuwa ni kwenda hospitali. Alikwenda siku ya nne. Baya alikuwa amelala, shuka limelala bapa pale mguu ulipopaswa kuwa. Dama, mkewe, alikaa kando yake juu ya sanduku.

Kamaludin aliwaeleza akiwa amesimama. Hakuficha kitu. Baya alisikiliza akitazama dari.

"Yule mama wa kikapu," alisema mwishowe. "Alipona?"

"Alipona. Wote walipona."

Baya akafumba macho. Dama ndiye aliyesema.

"Barua ya kwanza ilikuja lini?"

"Mwezi wa tatu."

Alihesabu kwa vidole, polepole, mbele ya macho yake, mpaka mwezi wa nane. Kisha akageuza uso ukutani.

Kila Ijumaa baada ya sala, Kamaludin alipanda basi mpaka Mazeras, akatembea kwenda Rabai kumwona Baya. Walizungumza habari za mvua na za nazi. Baya alijifunza kutembea kwa mkongojo, akafungua banda la kutengeneza baiskeli. Dama alitoa kiti, akaleta maji, akaingia ndani. Hivyo mwaka wa kwanza, hivyo sehemu kubwa ya wa pili. Kamaludin hakuomba zaidi ya hicho kiti.

Ijumaa moja, leseni yake imekwisha kurudi siku nyingi, Dama alitoka akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Lori lako liko wapi?" aliuliza, bila salamu.

"Liko mjini, mama."

"Nina nazi za kupeleka soko la Mwembe Tayari. Kesho."

Siku ya pili aliliingiza uani kwao taratibu. Dama hakupanda kwanza. Alimwambia afungue boneti, naye akasimama karibu, akatazama maji katika rejeta, akatazama kile kijiti cha oili akipangusacho Kamaludin kwa kitambaa safi, akamwambia akipanguse tena. Aliporidhika, alimpigia kelele Baya aliyekuwa bandani kwamba anakwenda nalo mjini, akaanza kuwapa vijana nazi wapakie.

Barabarani, kila penye mteremko, Kamaludin alisikia mkono wa Dama ukishika ukingo wa mlango. Naye akakanyaga breki kabla ya haja.